Jua la Dukani

Vumbi likikaa juu ya balbu muda mrefu, siku balbu ikiwashwa hutoa harufu. Si harufu ya moshi, wala ya kitu kinachoungua hasa. Ni harufu kavu, ya joto lililofungiwa mahali. Nilikutana nayo tena wodini majuzi, nilipojifungua, muuguzi alipomlaza mwanangu kwenye meza ndogo na kuvuta taa ya joto juu yake. "Usiogope, mama," akaniambia, "tunampasha tu asipoe." Nikaanza kulia. Yeye akadhani ni maumivu ya mshono, nami nikamwacha adhani hivyo, maana ningeanzia wapi kumweleza habari za kobe?

Tulikuwa tukikaa Rasbura, hapa hapa Lindi, nyumba ya vyumba viwili, stoo moja na ua. Baba alikuwa fundi umeme wa majumbani, na msimu wa mvua alikuwa anakwenda Kitomanga, kwa watu wa mama, kupalilia ufuta. Siku moja alirudi na ndoo iliyofunikwa majani. Ndani mlikuwa na kobe wanne, kila mmoja na ukubwa wa kiberiti, magamba yao bado laini kwenye kingo. Jembe lilikuwa limefukua kiota chao. "Mama yao hayupo," baba alisema, na mimi niliyekuwa na miaka minane nikaona huruma mpaka chakula kikanishinda. Sikujua kwamba mama kobe hutaga, akafukia, akaenda zake, na kwamba hapajawahi kuwa na kobe aliyelelewa na mama yake tangu dunia iumbwe. Kwangu wale walikuwa mayatima, na yatima ukimwacha afe utaulizwa kiyama.

Baba alikwenda kutaka ushauri kwa Mzee Habibu, mwenye duka la vifaa vya umeme. Babu zake walitoka Bara Hindi, lakini Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, na baba alimwamini kwa kila jambo lililokuwa na waya ndani yake. Nilikuwepo. "Binti yangu huko Ulaya anafuga mmoja," Mzee Habibu alisema. "Anakaa ndani ya nyumba. Ana taa yake ya joto, ana chombo chake cha kupasha chini. Hao watoto, fundi, ukiwaacha wakipoa tu, basi, utawakosa." Akatupa balbu ya wati mia, ile ya manjano ya zamani. Wala baba hakuuliza, wala mimi, huko Ulaya kwenyewe kukoje. Mzee alikuwa akitupa dawa ya nchi ya barafu, nasi tulikuwa tumesimama pale shati la baba limemganda mgongoni kwa jasho.

Tulirudi nyumbani tukakifanyia kazi chumba cha stoo mchana kutwa. Baba alichukua kreti la nyanya, akalitandika gunia, akamwaga mchanga wa mtoni. Alining'iniza balbu kwa waya kutoka kwenye boriti na kuivisha kofia ya mkebe wa maziwa ili joto lisipotee juu. Pembeni tuliweka chupa mbili za maji ya moto zilizoviringishwa matambara. Dirisha la stoo tuliliziba kwa gunia, upepo usiingie. Alipima joto kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akasema, "Sawasawa." Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji ya chupa, kuleta mchicha na kuhakikisha hawapoi. Kisha akanishika bega. "Na usimwambie mtu. Hawa ni wanyama wa porini, watu wa maliasili wakisikia tutaulizwa." Hiyo ndiyo siri ya kwanza niliyopewa maishani, na niliipenda sana.

Niliwapa majina. Kiberiti, Biskuti, Bi Harusi, na wa nne nikamwita Maalim, kwa sababu kila nikiingia nilimkuta amesimama kwenye kona, mgongo ameupa taa, uso ukutani, miguu ya mbele imeparamia ubao. Niliamini anasali. Maalim wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, naye alikuwa na shingo ndefu, kwa hiyo jina lilimkaa. Nilimsifu kwa wenzake. Niliwaambia, mtazameni Maalim, nyinyi mmelala tu.

Siku ya sita Maalim alikuwa kwenye kona ile ile, kinywa wazi, shingo imenyooka, na hakurudisha kichwa ndani nilipomgusa. Nilimwita baba. "Baridi," nilisema huku nalia, na baba, ambaye hakuwa amefuga hata kuku, akakubali kuwa ni baridi. Akaishusha balbu shubiri nzima. Kuanzia siku hiyo wale watatu nao wakageukia ukuta, kila mmoja na kona yake. Mimi nikadhani wanamsomea mwenzao dua.

Wakati huo Bibi alikuwa ameshakuja. Bibi mzaa baba alitoka Kilwa Kivinje kumhudumia mama, kwa kuwa mama alikuwa anakaribia kujifungua na mama yake mzazi alishafariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na mikono iliyokuwa inanukia udi hata baada ya kuosha vyombo. Siku alipofika, baba alimpeleka stoo kwa fahari kuonyesha kazi yake. Bibi alisimama mlangoni, hakuingia. Alitazama balbu, akatazama kobe, akamtazama mwanawe.

"Kobe kaumbwa huku huku," alisema. "Kalelewa na jua la huku huku. Leo mnamwashia jua la dukani?"

"Mama, hii ni sayansi," baba alijibu akicheka.

"Haya. Mimi sijasoma." Akanigeukia. "Na wewe mjukuu wangu, humu ndani unapumua vipi?"

Nikawageukia kobe wangu. Niliona wivu umemshika.

Mama alijifungua kabla ya wakati, mimba ikiwa na miezi minane. Walirudi kutoka hospitali na mtoto wa kiume mdogo mno, ngozi imelegea, analia kama paka aliyefungiwa kabatini. Bibi alimpokea, akamfungua nguo, akamweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa kanga na blanketi. Nilikuwa nimeshika nguzo ya kitanda. "Huyu hajakomaa," Bibi alisema. "Akipoa tutamkosa."

Nilishtuka. Yalikuwa maneno yale yale ya Mzee Habibu. Tangu pale, kwa akili yangu, nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya wagonjwa wenye sheria moja, na mimi nilikuwa mlinzi wa chumba kimoja, Bibi mlinzi wa kingine.

Mama aliwekwa ndani siku arobaini, kama ilivyokuwa desturi. Kila siku Bibi alimkanda kwa maji ya moto, akampa uji wa pilipili manga, kisha akaingiza jiko dogo la makaa chini ya kitanda cha kamba ili mgongo wa mzazi upate joto. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Makaa aliyawashia uani, akayapepea mpaka yakawa mekundu yote, hakuna jeusi hata moja, ndipo akaingiza machache, mengine akayafukia jivu. Mlango aliuacha wazi, pazia tu. Na dirisha alilifungua upana wa shubiri, akaweka kipande cha tofali kulizuia. "Hilo tofali usiliguse," aliniambia. "Hata mvua ikinyesha. Hata nikiwa sipo." Hakunieleza kwa nini, nyumbani kwetu mtoto hakuelezwa, aliambiwa. Nami nikajitafutia sababu yangu, kwamba ile ni njia ya malaika wa mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa bado hajapewa jina na malaika wake ndiyo kwanza anamtafuta.

Ndipo ukaja upepo wa masika. Mvua ilipiga siku mbili, nguzo ya umeme ikalala mtaa wa pili, na balbu ya kobe ikazimika.

Nilikimbia kuchemsha maji. Niliwawekea chupa za moto, zikapoa. Nikachemsha tena, zikapoa. Kobe walikuwa wamejikunja ndani ya magamba, hawatoi hata pua, na mimi nikaona wanakufa mbele yangu. Baba alikuwa kazini kwa watu, akihangaika na nyaya zao zilizoangukiwa na miti. Mama alikuwa amelala na mtoto kifuani, alikuwa ametoka kukandwa. Na Bibi akaitwa msibani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alijifunga kanga, akanisimamisha mbele yake.

"Nakwenda kutoa pole, sikawii. Jiko lina makaa mawili tu na jivu, usilichokoe. Ukisikia adhana ya alasiri nenda chuo, mimi nitakuwa njiani. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Na tofali?"

"Siligusi."

Mpaka leo namwona anarekebisha kamba ya kandambili yake, anatoka, anarudi kuchukua mwavuli, anatoka tena.

Nilingoja kidogo tu. Kisha nikalibeba lile kreti kutoka stoo, kobe watatu ndani, nikalisukuma chini ya kitanda cha mama karibu na jiko. Joto la Bibi lilikuwa dogo. Nikaenda kwenye gunia la makaa uani, nikachukua sufuria nzima ya makaa meusi, nikayapanga juu ya yale mawili na kupuliza mpaka macho yakanitoka machozi. Kisha nikasikia upepo unaingia dirishani. Ulikuwa unapiga kreti sawasawa. Nilisimama pale, namtazama mama, uso umetulia, kichwa cha mtoto kinaonekana kidogo tu chini ya kidevu chake. Nikawaza, malaika amekwisha kuja, zimeshapita siku ngapi. Nikaliondoa tofali. Nikafunga dirisha, nikateremsha komeo. Mlango nao nikaufunga, na chini yake, palipokuwa na uwazi, nikasukumia kwa nje kanga ya mama iliyokuwa kambani mpaka mlango ukakaza. Chumba kikawa kimya na kizuri. Adhana ikaita. Nikachukua juzuu yangu nikaenda chuo, na njia nzima nilijisifu, kwamba nimewaokoa wote.

Niliporudi, ua ulikuwa umejaa watu. Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka, mvua ya rasharasha inamnyeshea usoni na hakuna anayemfunika; alitapika, akalala, akatapika tena. Bibi alikuwa amepiga magoti na mtoto mikononi. Mtoto alikuwa na rangi ya jivu. Bibi alimpiga nyayo kwa vidole, akampulizia usoni, akampiga tena, midomo yake inasoma bila sauti. Mama Shamte, jirani yetu, alikuwa ameshika kichwa. "Kapiga mlango kwa bega, bibi wa watu," alimwambia mwenziwe. "Kawaburuta wote wawili peke yake." Hakuna aliyeniona. Nilielewa. Sikujua makaa hufanya nini katika chumba kilichofungwa, hakuna aliyewahi kunifundisha, lakini nilielewa kwamba ni mimi.

Basi nikaomba. Nilibana juzuu kifuani, nikamwomba Mungu mambo mawili: mtoto alie, na mtu yeyote asijue.

Mtoto alilia. Sauti ndogo, ya kukwaruza, na wanawake wote wakapiga yowe kwa pamoja. Bajaji ikaitwa, baba naye akaingia mbio, nyaya bado ziko begani. Alimtazama mkewe, akamtazama mwanawe, akaingia chumbani, akatoka.

"Nani kafunga dirisha?"

Nilifungua mdomo, nadhani niliufungua, sina hakika.

"Mimi," Bibi alisema. "Nilisikia baridi, nikafunga. Nikasahau."

"Wewe, mama? Na makaa yote yale?"

"Mimi, mwanangu. Uzee."

Nilimkazia macho nikitafuta dalili ya uongo, sikuiona. Alikuwa anapangusa mdomo wa mtoto kwa ncha ya kanga, ametulia kabisa. Nikakimbilia stoo. Kreti lilikuwa mahali pake chini ya balbu iliyozimika, kama halijawahi kuondoka. Kobe wote watatu walikuwa wazima, wana jivu migongoni, Biskuti anatafuna jani. Hapo nikapata jibu langu, na nililiamini kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri: Mungu amenijibu yote mawili. Amemfanya mtoto alie, na ameingia kichwani mwa Bibi akaipindua kumbukumbu yake, ili aamini kweli kwamba ni yeye. Malaika amelirudisha kreti. Nikawafuta kobe jivu kwa kidole, mmoja mmoja.

Mama na mtoto walilala hospitali siku nne, wakarudi. Lakini kabla yao alikuwa ameshafika mama mdogo kutoka Kitomanga, na mama mdogo hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Mwanamke aliyezalisha nusu ya Kivinje," alisema jikoni kwa sauti ya kusikika, "leo amesahau dirisha? Mkwe akikuchoka hakwambii. Anakufungia." Bibi alipomletea mama uji, mama aliugeuza uso ukutani. Nilimwona akifanya hivyo na nikamkumbuka Maalim, na kwa mara ya kwanza nikaogopa ile sala yake ya konani.

Baba alimpeleka mama yake stendi siku ya Jumamosi, arobaini haijafika hata nusu. Bibi aliniita mlangoni, akanishika kidevu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, mikono yake bado inanukia udi. "Kobe warudishwe kwao," alisema. "Jua lao liko huko." Kisha wakaondoka.

Baba hakuwa tena na hamu ya sayansi. Wiki ile ile alinichukua mpaka Kitomanga, tukawaweka watatu kwenye ukingo wa shamba. Mvua ilikuwa imekatika na jua limewaka kweli kweli. Niliwaweka pale penye jua, nikidhani watafurahi. Wote watatu, Kiberiti, Biskuti na Bi Harusi, walisimama kidogo, kisha wakakimbia. Ndiyo, kobe akitaka hukimbia. Walikimbilia kivuli cha kichaka, wakajifukia kwenye majani mabichi mpaka sikuwaona. Nikasimama pale na ndoo tupu. Maalim hakuwa akisali. Alikuwa anatafuta pa kutokea. Sikumwambia baba hilo nalo.

Mdogo wangu alikua, ni kijana mrefu sasa, mpiga soga. Bibi hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Kila aliposikia mtu anakuja Lindi alituma kitu: mchele wa Njinjo, nazi, samaki wa kukausha. Mama alipokea kwa adabu, na mgeni akishaondoka aliwamwagia kuku. Nilikuwa nawatazama wale kuku wanavyokula. Miaka ilivyozidi, ndivyo ile habari ya malaika ilivyonipungukia, kidogo kidogo, mpaka nikabaki na mwanamke mmoja tu, mzee, aliyerudi kutoka msibani akasukuma mlango kwa bega. Nilijua. Niliendelea kunyamaza kwa sababu nilikuwa nimezoea, na kwa sababu nilikuwa mwoga.

Nilipotoka hospitali na mwanangu, nilimwambia baba namtaka Bibi aje anilee katika arobaini yangu. Mama alisema, "Basi na mimi nitakaa humo humo chumbani," na akakaa kweli, kwenye kigoda, mikono amefunga.

Bibi alikuja. Macho yake yalikuwa yamepungua nuru, alishikwa mkono kuingia. Hakumsalimu mtoto kwanza. Alipapasa ukuta mpaka dirishani, akaufuata uwazi wake kwa vidole, akapima shubiri, akaridhika. Ndipo akaketi kando ya kitanda changu, akainama karibu na sikio langu.

"Nilitaka kukuuliza siku nyingi," alisema. "Wale kobe wako. Walikuwa watatu au wanne?"

Niligeuka nimtazame. "Watatu, Bibi. Wa nne alishakufa kabla."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi ndefu. "Moshi machoni, haraka, nilitoa watatu. Miaka yote nadhani mmoja nilimwacha humo chini."

"Kobe gani?" mama aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Mambo ya kitoto tu," Bibi akajibu upesi. "Hebu nipeni huyo mtoto nimwone."

Nilimtazama mwanangu, kisha nikamtazama mama. "Mama," nilisema, "dirisha nililifunga mimi. Na makaa niliyaongeza mimi. Kobe wangu walikuwa chini ya kitanda chako."

Hakulia wala hakunigeukia. Alimtazama Bibi, mikono yake imefunguka, imelala tu mapajani. Aliposema, alitumia neno ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu utoto wangu.

"Mama," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Bibi alikuwa ameshampokea mtoto, anampapasa nyayo kwa kidole gumba. "Mimi nilikuwa na Kivinje pa kurudi," alisema. "Yeye angekwenda wapi?"